Huruma ya hakimu haitoshi: mkumbukeni Thurgood Marshall

Mhariri,

Wajukuu wangu wamenizoesha kutazama video za marehemu Frank Caprio, yule hakimu wa mji wa Providence, Rhode Island, aliyefariki Agosti 2025 akiwa na miaka 88. Wasomaji wako wengi wanamjua. Mzee wa mvi, kesi zake ni za kuegesha gari vibaya na kupita taa nyekundu, na mara kwa mara anamwita mtoto wa mshtakiwa aje kitini kwake amsaidie kuamua babake alipe faini gani. Iko ile ya babu wa miaka 96 aliyenaswa akienda kasi karibu na shule, kumbe alikuwa akimpeleka hospitali mwanawe mwenye saratani. Kesi ikafutwa. Nami machozi yalinilengalenga, sikatai. Caprio alikuwa mtoto wa mhamiaji Mwitaliano aliyeuza matunda na maziwa, alisoma sheria usiku huku mchana akifundisha shule, na alikalia kiti kile tangu 1985 hadi 2023. Hakusahau alikotoka.

Kilichonifanya nishike kalamu ni msomaji wako mmoja aliyependekeza mahakimu wetu wapelekwe Marekani wakafunzwe huruma. Mimi nilikuwa mkalimani wa mahakama hapa Pwani mpaka nilipostaafu. Nilisimama kando ya kizimba nikimweleza mshtakiwa, kwa Kiswahili au kwa Kigiriama, yale ambayo mheshimiwa ameyasema kwa Kiingereza. Nimetumikia mahakimu wenye huruma na wasiokuwa nayo, na pia wale ambao huruma yao ilitegemea kama wamekwisha kula mchana. Mshtakiwa hachagui atapelekwa mbele ya yupi. Faini ya kuegesha gari si kitu, lakini mtu anayekabiliwa na kamba ya kunyongwa hawezi kuambiwa aombe Mungu apate hakimu mwenye moyo laini.

Basi kama tunataka jaji wa Marekani wa kumsoma, mimi namleta Thurgood Marshall. Tena huyu alikanyaga ardhi yetu, na shingo upande au la, tumo katika maisha yake.

Alizaliwa Baltimore mwaka 1908. Babake alikuwa mhudumu wa treni na baadaye msimamizi wa wahudumu katika klabu ya wazungu. Mamake alikuwa mwalimu. Baba huyo alipenda kwenda kukaa mahakamani kusikiliza kesi za watu, na akaja nyumbani kubishana na wanawe mezani. Shuleni kijana alikuwa mtundu, na adhabu yake ikawa kuteremshwa chini ya jengo akasome Katiba ya Marekani. Mwalimu yule hakujua anapalilia nini. Chuo cha sheria cha Maryland kilikuwa mjini kwao lakini hakikupokea weusi, kwa hiyo akapanda treni kila alfajiri kwenda Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Mamake aliweka rehani pete zake za uchumba na ndoa ili karo ipatikane. Alimaliza mwaka 1933 akiwa wa kwanza darasani.

Ofisi yake ya kwanza Baltimore haikumpa hela. Ulikuwa wakati wa mdororo mkubwa wa uchumi, na wateja wake walikuwa maskini ambao hawangeweza kulipa. Aliwatetea hivyohivyo. Haukupita muda akakishtaki kile chuo cha Maryland kwa niaba ya kijana mweusi aitwaye Donald Murray, akashinda, na Murray akaingia. Halafu akawageukia walimu weusi wa Maryland, waliokuwa wakilipwa karibu nusu ya mshahara wa wenzao wazungu kwa kazi ileile. Mamake mwenyewe alikuwa mwalimu mweusi, kwa hiyo kesi hizo hakuzisoma vitabuni. Zile za Murray na za mishahara hazitajwi sana, ila mimi naziona ndizo msingi. Mtu anayetaka kujua utumishi kwa jamii maana yake nini na aanze hapo, kwa wakili kijana anayezunguka kaunti za Maryland kutafuta mwalimu mmoja jasiri atakayekubali jina lake liandikwe kwenye hati ya mashtaka, akijua anaweza kufutwa kazi kesho yake.

Alipohamia New York kufanya kazi na NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, na kuanzia 1940 kuongoza mfuko wake wa utetezi wa kisheria, alikuwa akizunguka Kusini mwa nchi ile kwa treni na gari, akilala majumbani kwa watu kwa sababu hoteli hazikumpokea.

Nataka nizungumzie maungamo, kwa kuwa hayo nayajua. Mwaka huo wa 1940 alishinda mbele ya Mahakama ya Juu kesi ya Chambers dhidi ya Florida. Polisi walikuwa wamewakusanya makumi ya wanaume weusi baada ya mzee mmoja mzungu kuuawa, wakawahoji siku baada ya siku, mwishowe usiku kucha mpaka alfajiri, hadi wanne wakasema wanachotakiwa kusema. Mahakama ikatupa maungamo hayo. Lakini mwaka 1944 alishindwa katika kesi ya W. D. Lyons wa Oklahoma, ambaye alipigwa, kisha akawekewa mifupa ya marehemu mapajani mpaka akaungama. Lyons alirudiwa baadaye na kuungama tena, na mahakama ikaona ungamo la pili ni safi. Mimi nimesoma kwa sauti maungamo mengi, Mhariri. Niliyatafsiri kama yalivyoandikwa, kwa sababu ndiyo kazi. Lakini ukikaa pale muda mrefu, unayatambua yale yaliyoandikwa na mtu mmoja na kutiwa kidole gumba na mwingine: fundi wa minazi ghafla anaongea kama inspekta.

Sasa kisa cha Columbia, Tennessee, ambacho kama ningekuwa na uwezo ningekibandika katika kila mahakama ya hakimu nchini.

Februari 1946 mama mmoja mweusi na mwanawe, aliyetoka vitani na jeshi la majini, waligombana na fundi wa redio mzungu. Kijana na fundi wakapigana, umati ukakusanyika, usiku polisi wakapigwa risasi katika mtaa wa weusi, na watu weusi 25 wakashtakiwa kwa kujaribu kuua. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa la wazungu watupu. Pamoja na hayo, 23 waliachiliwa. Novemba mwaka uleule Marshall alikuwa Columbia katika kesi ya wawili wengine, mmoja naye akaachiliwa, na jioni ile mawakili wakaingia garini kurudi Nashville.

Walisimamishwa njiani. Polisi wakamtoa Marshall, wakadai ameendesha akiwa mlevi, wakamtia katika gari lao na kuwaamuru wenzake waendelee na safari. Gari la polisi likaacha barabara kuu, likateremka kuelekea mto Duck, ambako kila mtu mweusi wa eneo lile alijua watu hupelekwa kufanywa nini. Wakili mwenzake, Alexander Looby, hakuendelea na safari. Aligeuza gari akawafuata nyumanyuma. Polisi walipoona taa haziwaachi, wakarudi mjini. Kule wakamwambia Marshall avuke barabara peke yake aende ofisini kwa hakimu. Akakataa. Alijua akivuka peke yake atapigwa risasi mgongoni, na kesho gazeti litaandika kwamba alikuwa anatoroka. Akawaambia watakwenda wote.

Yule hakimu alikuwa mzee mfupi, mzungu, mtu asiyeonja pombe. Aliwasikiliza polisi, kisha akamwambia Marshall ampulizie pumzi usoni. Akanusa. Akasema mtu huyu hajanywa kitu, na akakataa kutia sahihi.

Basi. Hakutoa hotuba wala hakuwa rafiki wa weusi kwa lolote ninalolijua. Pengine hata huruma hakuwa nayo. Aliletewa shtaka la ulevi, akatafuta ushahidi wa ulevi, hakuupata, akafunga faili. Bila yeye pasingekuwa na Jaji Marshall wa kuandikiwa barua. Usiku ule watu wa Columbia walimtoa Marshall kwa gari jingine na kulituma lile gari la mawakili mbele kama chambo. Lilifuatwa, na dereva wake akapigwa vibaya.

Kesi ya Brown ya mwaka 1954 inajulikana hata na watoto wa sekondari: Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji tisa kwa sauti moja, ilisema shule za kutenganisha watoto kwa rangi ni kinyume cha katiba. Marshall ndiye aliyeongoza mawakili. Jumla alisimama mbele ya mahakama ile akiwa wakili wa raia mara 32 na kushinda 29. Napita haraka kwa sababu hayo yameandikwa mno, na sisi tuna yetu.

Mwaka 1960 Tom Mboya na wajumbe Waafrika wa Baraza la Kutunga Sheria walikuwa wakijiandaa kwenda London, Lancaster House, kuzungumzia katiba. Kiongozi wa ujumbe alikuwa mwana wa Pwani hii, Ronald Ngala. Walihitaji mshauri wa sheria, na Mboya akamwomba Marshall, ambaye wakati huo alikuwa na miaka 51. Januari akaja Nairobi kwanza. Mwenyewe alipenda kusimulia kwamba walikwenda Kiambu kwenye mkutano, wakuu wa serikali ya kikoloni wakamzuia asihutubie. Akaomba japo awasalimie watu. Akaruhusiwa, akapanda juu ya gari, akapaza sauti: "Uhuru!" Umati ukalipuka, na afisa wa serikali akabaki akitazamana na kibali chake.

Kule London akafanya kazi ambayo mimi nadhani ni ngumu kuliko ya Brown. Alikabidhiwa kuandika rasimu ya haki za watu katika katiba ya Kenya ijayo. Kumbuka hali ilivyokuwa. Kenyatta bado yumo kizuizini. Kambi za Mau Mau watu hawajazisahau, makovu bado mabichi. Na swali kubwa mezani ni la nani? La walowezi na Wahindi, wanaoogopa kwamba Waafrika wakishika serikali watalipiza. Marshall, ambaye maisha yake yote alitetea weusi wachache dhidi ya wazungu wengi, sasa amekaa upande wa weusi wengi, na wachache wanaotaka kinga ni wazungu wenye mashamba.

Angeweza kusema na waonje. Wapo kati yetu ambao tungesema hivyo. Lakini alisoma katiba za nchi nyingine, zikiwemo za Nigeria na nchi ya Malaya (Malaysia ya leo), akaandika kwamba mali ya mtu isichukuliwe bila fidia ya haki, na kwamba asiyeridhika na fidia aweze kwenda mahakamani. Akaandika usawa bila kujali rangi, haki ya kupiga kura, uhuru wa dini na wa kusema. Waswahili tunasema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yeye aliisema kwa vifungu. Na hakuishia kwa wenye mashamba, kwa sababu rasimu yake ilitaja pia elimu, afya, kazi na hifadhi ya jamii kuwa haki za watu. Mwaka 1960!

Tusidanganyane. Rasimu ile haikuingia neno kwa neno. Katiba ya uhuru ya 1963 ilifuata zaidi mfano wa Nigeria, na zile haki za elimu na afya ziliachwa nje. Zilikuja kuingia katika kifungu cha 43 cha katiba tuliyoizindua Agosti 27, 2010, miaka 50 baadaye. Sidai kwamba walioiandika walimfuata Marshall. Nasema tu kwamba jambo lile lilikwisha wekwa mezani na mtu aliyejua njaa ya wateja wake, tukaliacha.

Makubaliano ya mkutano ule wasomaji wa Pwani yanawahusu moja kwa moja: baraza jipya la wajumbe 65, viti 33 vya wazi vilivyowapa Waafrika wingi, na viti 20 vilivyotengwa, 10 vya Wazungu, 8 vya Waasia na 2 vya Waarabu. Wazee wa Mombasa walijadili viti hivyo viwili vya Waarabu barazani kwa miaka. Na wakati Marshall yuko London, Februari 1 vijana wanne weusi waliketi kwenye meza ya chakula cha wazungu huko Greensboro, North Carolina, na kukataa kuondoka. Wakili wao alikuwa akitetea walowezi wa Kenya. Ilibidi arudi upesi.

Alirudi Kenya mwaka 1963, akiwa sasa jaji wa rufaa aliyeteuliwa na Rais Kennedy. Miaka minne baadaye tukapitisha sheria za leseni za biashara na za uhamiaji, na familia za Wahindi zikaanza kufunga maduka. Hapa mjini kwetu palikuwa na mtaa mzima wa maduka ya vitambaa uliobadilika wenyewe katika msimu mmoja. Nilikuwa kijana, na kusema kweli wengi wetu tulifurahi. Kwenye karatasi haki zao zilikuwepo.

Mwaka huohuo wa 1967 Rais Johnson alimteua Marshall kuwa jaji mweusi wa kwanza wa Mahakama ya Juu. Katika kumhoji, Seneta James Eastland wa Mississippi alimuuliza kama ana chuki na wazungu wa Kusini. Natamani mtu angemletea seneta yule ile rasimu ya London. Marshall alijibu tu kwamba hana. Akapitishwa kwa kura 69 dhidi ya 11.

Alikaa miaka 24. Mwanzoni alikuwa pamoja na walio wengi; kisha mahakama ikageuka, akawa jaji wa kuandika maoni ya upinzani. Aliamini adhabu ya kifo ni ukatili uliokatazwa na katiba, na tangu 1976, yeye na mwenzake William Brennan walipinga kila hukumu ya kifo iliyofika mbele yao. Kila moja. Wengine waliona ni ukaidi. Lakini Marshall ndiye pekee kati ya majaji wale aliyewahi kusimama kortini na mteja ambaye maisha yake yalikuwa yakijadiliwa, akalala katika mji uleule ambao umati ulitaka damu. Siku aliyotangaza kustaafu, Juni 27, 1991, aliandika katika kesi ya Payne, iliyohusu hukumu ya kifo, kwamba nguvu, si hoja, ndiyo sarafu mpya ya mahakama ile. Alifariki Januari 1993.

Nimemgusia mara mbili mtu anayekabiliwa na kamba, na nifafanue kwa nini. Kwetu, wizi wa kimabavu ulisikilizwa na hakimu, wala si jaji, na hukumu yake ilikuwa moja tu, kunyongwa. Aliyeshtakiwa kuua alipewa wakili na serikali. Wa wizi wa kimabavu, kwa miaka mingi, akiwa maskini alijitetea mwenyewe. Basi siku ya hukumu nilikuwa mimi na yeye. Hakimu anasoma Kiingereza, anafika kwenye sentensi ile, ananitazama. Nampa mtu yule habari ya kifo chake kwa Kigiriama. Mmoja aliniuliza kwa adabu, kama anamuuliza karani wa posta: "Ni lini, mzee?" Hakimu aliyekuwa mbele yetu siku ile alikuwa mpole mno, nilimwona akifuta miwani. Huruma alikuwa nayo. Sheria haikumwachia nafasi ya kuitumia.

Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987, na Desemba 2017 Mahakama yetu ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ilisema jaji wa kesi ya mauaji hawezi kulazimishwa kutoa hukumu ya kifo bila kumsikiliza mtu kwanza. Nilikuwa nimestaafu. Niliisoma hukumu ile yote, kurasa zote, nikiwa na kalamu.

Sasa ombi langu. Kila Desemba gazeti lako hutuletea picha za Lancaster House, na majina ni yaleyale: Ngala, Mboya, Muliro, Moi. Ni sawa. Ngala ana barabara Nairobi na chuo cha utalii hapa Kilifi, Mboya ana sanamu. Marshall, ambaye kwao uwanja wa ndege wa Baltimore una jina lake, kwetu sijaona hata kichochoro. Sidai sanamu. Naomba tu Siku ya Katiba, Agosti 27, mtenge ukurasa mmoja muichapishe rasimu yake ya haki, kifungu kwa kifungu, kando yake vifungu vya katiba yetu ya leo, ili msomaji apime mwenyewe. Karatasi za mkutano ule zimehifadhiwa London. Mwandishi wenu mmoja akiandika barua nzuri atazipata. Zikifika nitumieni nizitafsiri. Macho bado yanaona, na sitatoza chochote.

Mkalimani mstaafu wa mahakama,
Kilifi.